Utuopoe

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bafuni, mlango nimeutia komeo, mwanga wa simu nimeupunguza hadi mwisho usije ukaonekana kwenye upenyo wa chini. Bomba nilikuwa nimelifungua kidogo lidondoke kwenye beseni, ili mke wangu akizinduka ajue kuna mtu anaoga. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2021, karibu saa sita usiku. Nani anaoga saa sita usiku? Lakini mtu akishafika hapo huwa hajiulizi maswali ya namna hiyo.

Mkeka wangu wa kubeti ulikuwa na mechi tisa. Nane zilikuwa zimetiki. Ya tisa ilikuwa ya timu mbili za Ureno ambazo hata jezi zao sijawahi kuziona, nami nilikuwa nimeweka magoli mawili au zaidi. Dakika ya 83 ilikuwa moja bila. Na pale juu ya ndoo nilikuwa naomba. Mahubiri mengi niliyoyasikia husema mwenye dhambi humsahau Mungu. Mimi nilimkumbuka sana. Nilimwambia, Baba, goli moja tu, hata la kujifunga, nirudishe hela za watu na sitagusa tena. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemwambia maneno hayo hayo.

Hela za watu zilikuwa shilingi 650,000. Waimbaji 26 wa kwaya yetu, kila mmoja 25,000, za kitambaa na mshono wa sare za Krismasi. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini. Wengine walinitumia kwa simu, wengine walinipa mkononi baada ya mazoezi. Mama mmoja wa sauti ya pili, anayeuza dagaa Mwaloni, alilipa kwa awamu tano. Ya mwisho ilikuwa 3,000, noti zimekunjwa mara nne na zinanukia dagaa. Nilizipeleka kwa wakala, zikaingia kwenye simu, na zikishaingia kwenye simu huwa hazinukii kitu.

Mechi iliisha moja bila.

Nafundisha hisabati katika sekondari moja hapa Mwanza. Kidato cha nne kuna mada ya uwezekano, na kila mwaka nasimama ubaoni nikiwaeleza vijana kwamba ukiwa na matukio tisa yasiyotegemeana, kila moja likiwa na nafasi ya asilimia 70, nafasi ya yote tisa kutokea pamoja ni 0.7 kipeo cha 9. Wanapiga hesabu, wanapata 0.04. Nne katika mia. Naweka vyema kwa wino mwekundu. Kisha kengele inagonga, naingia ofisi ya walimu, natoa simu, nasuka mkeka wa mechi tisa. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani elimu ndiyo dawa. Hesabu niliijua kuliko watu wengi. Ilinisaidia kuchagua mechi.

Nilianza 2018 kwa shilingi 500, kwa utani, mwalimu mwenzangu akinionyesha namna ya kuingia. Mwezi wa pili nikala 87,000. Siku ya Jumapili nikaweka 8,700 kwenye bahasha ya fungu la kumi, ile yenye namba yangu, nikaitia kapuni kwa mikono miwili. Hakuna aliyenirudishia. Ningependa kusema dhamiri ilinisumbua, lakini haikunisumbua. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mtu aliyebarikiwa, na nadhani ndipo niliponaswa, siku ile ya bahasha, kabla sijapoteza hata senti moja ya maana. Tunafundishwa kumtazamia shetani mwenye pembe. Wangu alikuja na risiti.

Machi 2020 ligi za Ulaya zikasimama karibu zote ndani ya muda mfupi, na ya kwetu ikafuata. Nilipiga magoti. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisema, Bwana, niondolee kitu hiki, na sasa Bwana alikuwa amekiondoa duniani kote. Hakukuwa na mechi England, wala Hispania, wala Italia. Nilifurahi kweli, nikamwambia mke wangu kwamba corona nayo ina mazuri yake, akanitazama kama mwendawazimu.

Haikuchukua wiki tatu. Belarus walikuwa hawakusimamisha ligi yao. Kufikia Pasaka nilikuwa naijua Slutsk ina beki gani mgonjwa, naijua BATE Borisov inavyocheza ugenini, mimi mtu wa Igoma ambaye Belarus yenyewe nisingeweza kuionyesha kwenye ramani. Mstari wa Yakobo niliukariri nikiwa darasa la kipaimara: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Nilikuwa nikiusoma kama mstari wa lawama. Mwaka ule niliusoma kama mtu anayesomewa majibu ya maabara. Mungu angeweza kuzima kila uwanja duniani, mimi ningekaa na kubeti mbio za kuku.

Basi nikaenda kutafuta nguvu. Kuna mkesha wa maombi, huduma moja ya hapa mjini, nikaalikwa na jirani. Mtumishi akasema anaona pepo la kamari limeshika ukoo wa mtu mmoja pale ndani, nikasogea mbele. Kwa babu yangu huko Bukoba walikunywa sana rubisi, lakini kamari sidhani kama waliijua. Nikawekewa mikono, nikaanguka. Mpaka leo sijui kama niliangushwa au nilianguka kwa adabu. Nikanyanyuka mwepesi, nikafunga siku mbili, nikafuta kila kitu kwenye simu. Siku ya tatu nilibeti.

Simdharau mtumishi yule wala waliopata msaada pale, nawajua wapo. Lakini kwangu mimi lile pepo la ukoo lilikuwa faraja mbaya. Lilinifanya niwe nyumba iliyovamiwa, wakati ukweli ni kwamba mwizi nilikuwa nimempa ufunguo na nilikuwa namwekea chakula.

Nguvu ndiyo niliyokuwa naiomba siku zote. Nitie nguvu, Bwana. Niweze kuishika simu na nisiingie. Niweze kukaa na hela za kwaya na nisizitazame. Nilitaka niwe mtu anayepita mbele ya kitu hicho, anakitazama usoni, anakicheka. Baadaye sana nilikutana na mtu wa namna hiyo, aliyekufa zamani mno. Anaitwa Alipio, rafiki wa Mtakatifu Augustino, wote watu wa Thagaste, mji uliokuwa kwenye nchi ambayo leo ni Algeria. Augustino anasimulia habari zake katika kitabu chake cha kuungama, alichokiandika karne ya nne ikielekea kwisha. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia ile michezo ya wanaume kuuana uwanjani. Siku moja marafiki wakamkuta njiani, wakamburuta kwa utani. Akawaambia, mnaweza kuuburuta mwili wangu na kuuketisha pale, lakini macho na moyo wangu hamtaviweza. Akaingia, akakaa, akafumba macho.

Kisha mmoja wa wapiganaji akaanguka, na uwanja mzima ukapiga kelele.

Alipio akafumbua macho. Augustino anasema hakuyafumba tena; aliinywa ile damu kwa macho, na alipotoka pale hakuwa yule aliyeingia. Akarudi tena siku nyingine, akiwaburuta wenzake. Sababu anayoitoa Augustino ni fupi: roho ya rafiki yake ilikuwa na ujasiri kuliko ilivyokuwa na nguvu, nayo ilikuwa dhaifu zaidi kwa vile ilijitegemea yenyewe ilipopaswa kumtegemea Mungu. (Alipio alikuja kuwa askofu wa mji wake, lakini hiyo ni miaka mingi mbele.) Niliposoma pale niliifunga simu nikatoka nje. Kelele zile nazijua. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda umiza, banda la kutazamia mpira.

Mama mkwe wangu ni Mkatoliki wa Tabora. Mke wangu alihamia kwetu KKKT, kwa Walutheri, tulipofunga ndoa, lakini tukienda likizo kule jioni husaliwa rozari na sote tunakaa mkekani, mkeka wa ukindu, ule wa kweli. Krismasi ya 2020 tulikuwa huko. Nikawa nawasikiliza wanavyosali Baba Yetu. Sisi tunasema, usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu. Wao wanasema, usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi bila kuyatilia maanani. Waitalia wao mpaka wamebadilisha tafsiri yao ya mstari huo, misale yao mpya ya 2020 inasema kitu kama usituache tukitupwa majaribuni, kwa sababu watu walikwazwa na wazo la Mungu kumtia mtu mtegoni, na Yakobo mwenyewe anasema Mungu hamjaribu mtu. Hayo nawaachia wenye elimu yake. Mimi lililonishika ni lile neno la pili, kuopoa, kwa sababu ya kilichotokea asubuhi yake.

Mama mkwe ana kisima uani, cha pete za zege, kina kirefu. Asubuhi hiyo binti yangu Koku, wakati huo ana miaka mitano, aliachia kamba na ndoo ikazama. Nikataka kushuka. Mama mkwe akasema, "Baba Koku, hebu toka hapo, ukizama wewe nani atakuopoa?" Akaingia ndani akarudi na kulabu, vipande vitatu vya nondo vimepindwa na kuunganishwa na fundi wa kuchomelea, kama nanga ndogo, kwenye kamba ya katani. Akaiteremsha. Akalala kifudifudi ukingoni, sikio moja limeelekea chini, akawa anazungusha kamba polepole, hatazami, anasikiliza. Dakika kumi, kumi na tano. Kitu kikashika. Akavuta. Likatoka sufuria la aluminiamu, limejaa tope, limepondeka. Akaliangalia, akaita kwa sauti, "We! Njoo uone sufuria lako!" Lilikuwa limezama mke wangu akiwa darasa la tano, na alichapwa kwa ajili yake.

Ndoo ilitoka mara ya tatu. Nilijaribu kusaidia kuvuta, akanisukuma na kiwiko. "Usivute kwa pupa. Imejaa maji hiyo, ina uzito wake, itakatika."

Nilikuwa nimesimama pale nikiwa na mkeka mbichi mfukoni, wa mechi za sikukuu. Sitasema nilipata ufunuo. Ule mkeka ulichanika siku hiyo hiyo na nikasuka mwingine. Lakini neno liliingia, na lilikaa humo chini miezi kumi, kama lile sufuria.

Jumapili iliyofuata usiku ule wa bafuni niliimba. Sauti ya nne, mstari wa nyuma, wimbo wa kuabudu. Baada ya ibada mwenyekiti wa kwaya akanifuata kwenye mwembe. "Mwalimu, fundi anataka nusu kesho." Nikamwambia mtandao unasumbua tangu jana. Akasema, kweli, hata mimi umenisumbua. Kila mtu nchi hii mtandao unamsumbua. Hakuna uongo rahisi kama huo.

Usiku huo nilirudi bafuni. Kuna hii mikopo ya mtandaoni, unajaza namba ya kitambulisho, unajibu maswali sita, hela inaingia. Mpango ulikuwa wazi kichwani: nikope laki tatu, niweke yote kwenye mechi mbili za uhakika, nirudishe ya kwaya, nilipe mkopo, nibaki na kidogo, kisha niache. Nilikuwa nimejaza kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kukubali masharti.

Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Nimeusikia mstari huo ukihubiriwa na watu zaidi ya kumi, na kila mara akilini mwangu nilikuwa naona mlango mzuri, wa mninga, unafunguka wenyewe na mwanga unaingia.

Mlango ukagongwa. "Baba. Mkojo."

Koku, miaka sita, amebana miguu. Nikasema subiri. Akasema, "Baba unatoka." Ndivyo alivyosema, unatoka, hakuuliza. Nikatoa komeo. Akaingia, akakaa, akanitazama nimesimama na simu kwenye mwanga wa bluu, akauliza, "Mbona unakaa gizani?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nikatoka nje ya ule mlango wa bati, na mke wangu alikuwa amesimama koridoni akimsubiri mtoto.

Ningeweza kumpita. Najua kabisa ningeweza, kwa hiyo sisemi kwamba nililazimishwa. Lakini nilikuwa nimeshatoka, na kurudi ndani nisingeweza, mtoto alikuwa amekaa humo.

"Nimekula hela za kwaya," nikasema.

Akanyamaza. Kisha, "Shilingi ngapi?"

"Laki sita na nusu."

"Ngapi?"

Nikarudia. Akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Koku akaita amemaliza. Mke wangu akaingia, akamnawisha, akampeleka kulala, akarudi. Hakulia wala hakuomba pamoja nami, kama wanavyofanya kwenye shuhuda. Akanyoosha mkono. "Lete simu." Nikampa. Akaiweka chini ya godoro upande wake, akalala, akageukia ukutani. Kulipokaribia kupambazuka akasema bila kugeuka, "Utawaambia mwenyewe. Mimi siendi kukusemea."

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa mtu wa Uamsho. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukatapakaa Uganda, ukaingia Kagera kwetu. Askofu Kibira wa Bukoba mwenyewe alikuwa mtu wa kundi hilo. Walikuwa wakikutana uani kwa mtu, wanaimba Tukutendereza, wimbo wao wa kumsifu Yesu, kisha mmoja mmoja anasimama kutembea nuruni, maana yake anasema alichofanya. Si kusema mimi ni mwenye dhambi kwa ujumla, hilo ni rahisi. Kusema kitu chenyewe. Nikiwa na miaka minane nilimsikia bibi akisimama mbele ya majirani na kusema ametia mawe madogo kwenye gunia la kahawa ya maganda ili lizidi uzito kwenye mizani ya chama cha msingi, na kesho anakwenda kuwaambia. Wakaimba. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nikisema wazee wale walipenda sana kujianika.

Jumanne nilisimama mbele ya kwaya. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye Zaburi ya 51 ndani yake. Nikasahau yote, nikasema tu, hela za sare nimezibeti, zimeisha, nitazilipa. Kimya. Mtu wa kinanda akazima kinanda, kile kitufe kikalia tik. Mzee wa kanisa akasema mambo ya utaratibu. Wengine walisema mambo niliyostahili. Yule mama wa dagaa alikuwa wa mwisho, na hakupaza sauti. "Mwalimu, mimi sina cha kusema. Ila ile elfu tatu ya mwisho nilikopa."

Pikipiki iliuzwa Alhamisi. Nilivuliwa uhazini, nikasimamishwa kuimba hadi Pasaka. Krismasi nilikaa kwenye benchi la tano na Koku mapajani, nikawatazama wakiingia na sare zao, kitenge cha kijani cha ndizi mbichi, wamependeza.

Watu wanapomtaja Yusufu na mke wa Potifa husema, alikimbia, na wewe kimbia. Ni sawa. Ila husahau kwamba alitoka bila nguo. Aliiacha ile nguo mkononi mwa yule mwanamke, akakimbia nje, na nguo ile ile ikawa ushahidi wa kumtia gerezani. Alitoka kwa mlango wa kutokea akaingia kwa mlango wa jela. Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa naomba mlango nitakaotoka nimevaa suti, na heshima yangu, na uhazini wangu, bila mke wangu kujua. Mlango wa namna hiyo sikuupata, na sasa sidhani kama upo.

Laini ya simu yangu imesajiliwa kwa jina la mke wangu. Mshahara ukiingia yeye ndiye anayeutoa. Natembea na kitochi, cha kupiga na kupokea, na wanafunzi wananicheka. Kuna ndugu mmoja katika Kristo, mtu mwema, aliniambia kwamba hiyo inaonyesha sijafunguliwa. Angekuwa amenifungua Mwana ningekuwa huru kwelikweli, ningeshika simu yoyote na nisitikisike. Anasema nategemea kitochi badala ya Mungu. Nililifikiria jambo hilo muda mrefu maana lilinichoma. Jibu nililonalo ni hili: huyo anayekaa uwanjani amefumba macho ndiye anayejitegemea. Mimi nimeshajijua. Kitochi ndiyo namna yangu ya kukiri mchana kweupe kwamba nguvu sina, na mke wangu akitazama simu yangu siyo kwamba Mungu hayupo. Kulabu ya mama mkwe ilikuwa nondo, na iliunganishwa na fundi wa kuchomelea, na ndoo ilitoka.

Kuomba bado naomba, pengine zaidi ya zamani, ila maombi yamekuwa mafupi. Waraka kwa Waebrania unasema tukikaribie kiti cha neema tupate neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji. Zamani nilikuwa nakwenda baada ya mahitaji, Jumapili, na majuto yangu yaliyopigwa pasi. Sasa nakwenda Jumamosi saa kumi jioni, mikono ikianza kuwasha, na neno lenyewe ni moja, nimeliazima kwa Wakatoliki. Utuopoe. Ni la wingi, na hilo nalipenda. Silisemi peke yangu hata nikiwa peke yangu.

Msidhani nimemaliza. Luka anasema Ibilisi alipomaliza kila jaribu jangwani alimwacha Yesu kwa muda. Kwa muda! Ikiwa yeye aliachwa kwa muda, mimi ni nani niachwe moja kwa moja? Novemba 22, 2022, Kombe la Dunia, saa saba mchana, Argentina na Saudi Arabia. Ofisi ya walimu wote wanasema hii ni hela ya bure. Mwenzangu akasema, Mwalimu, toa elfu mbili nikuwekee kwangu, Argentina hawezi kufungwa na hawa. Nilikuwa nimekaa miezi 13. Sikuomba, sikusema utuopoe, sikufikiri. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Argentina akaongoza kwa penalti ya Messi dakika ya kumi. Akafungwa mbili moja.

Jioni nilimwambia mke wangu kabla sijavua viatu. Akauliza ngapi. Nikasema elfu mbili. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Na Argentina nao," na nikajua angalau hatuuzi kitu Alhamisi hiyo.

Nimerudi kuimba, uhazini sijapewa na sijauomba. Yule mama wa dagaa hunisalimia vizuri, ila hela ya mchango wa msiba au harusi hampi mtu wa mstari wa nyuma. Huvuka ukumbi mzima kumpelekea mwenyekiti.

Leo ni Jumamosi. Haya nayaandika kwa kalamu kwenye daftari la maandalio ya masomo. Mke wangu atayachapa kwenye simu yake akiyaona yanafaa. Tumekaa uani, yeye anamenya maharage mabichi, Koku anafua soksi za shule. Kibanda umiza wamefungulia spika. Muda si mrefu umepigwa ukelele mmoja mkubwa, wote kwa pamoja, hata kuku wameruka, na kichwa changu kimeinuka chenyewe kabla sijajua.

Mke wangu ameniona. Amelisogeza lile sinia la maharage hadi kwenye goti langu.

"Baba Koku. Haya ya upande huu bado."